Kusafiri na Mzigo kwa Treni Kutoka Dar es Salaam: Mwongozo Kamili, Kuanzia Nyumbani Hadi Unaposhuka

Wakazi wengi wa Dar hukata tiketi kwanza, halafu usiku wa kuamkia safari ndipo huanza kuulizana habari za mzigo. Kwa basi la mkoani mara nyingi hilo halina madhara. Buti ni kubwa, kondakta yupo mlangoni, mnapatana bei na safari inaanza. Kwenye treni ya kisasa hakuna buti, na hakuna mtu wa kupatana naye dakika ya mwisho. Kuna mashine ya ukaguzi, mizani, na lango linalofungwa kabla treni haijaondoka.

Ndiyo maana nashauri uanze na mzigo, tiketi ifuate. Mzigo wako ndio uamue upande treni gani, ya saa ngapi, na kipi utangulize kwa njia nyingine. Ukipanga hivyo, treni ni usafiri wa raha kuliko wote tulio nao kutoka jiji hili. Usipopanga, utajikuta unafungua begi mbele ya foleni ya watu, ukichagua cha kuacha huku muda unakwenda.

Nimemfikiria msafiri mwenye begi moja, lakini zaidi nimemfikiria mwenye vitu vingi: mwanafunzi anayeripoti Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na godoro lake, mama anayekwenda Morogoro kumlea binti aliyejifungua, mtu wa Kigoma anayerudi kwao baada ya miaka mingi mjini.

Kwanza, jua unapanda treni ipi

Tunaposema "treni" hapa Dar tunazungumzia vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina tabia yake kwenye mzigo.

Ya kwanza ni SGR, treni ya umeme ya reli mpya ya kisasa, ile inayoanzia katikati ya jiji, Stesheni ya Magufuli. Ilianza kubeba abiria hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai, na kuzinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na Dodoma unafika kwa saa tatu na kitu, au nne hivi kwa ile inayosimama vituo vingi. Humo ndani zimo treni zinazovutwa na kichwa, na zimo zile zinazojiendesha zenyewe, zenye pua iliyochongoka, ambazo watu wameshazipa jina la mchongoko. Kwa upande wa mzigo, hesabu kama unakwenda uwanja wa ndege: ukaguzi ni wa mashine, vitambulisho vinaangaliwa, na mzigo unakaa na wewe ndani ya behewa.

Ya pili ni treni ya reli ya kati, ile ya zamani yenye reli ya upana wa mita moja, inayokwenda Tabora, Kigoma na Mwanza. Reli hiyo ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,250, unalala njiani, na ina utamaduni wake wa kubeba vitu vingi. Haitembei kila siku, kwa hiyo uliza siku yake na stesheni inayoanzia kabla hujafunga chochote.

Ya tatu ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yenye stesheni yake kubwa kule Barabara ya Nyerere, pale makutano ya Mandela. Kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikipita Mlimba, Makambako, Mbeya na Tunduma. Nayo ni ya kulala njiani, na ukivuka Tunduma mambo ya forodha yanaingia. Ratiba yake hubadilika, hivyo thibitisha kwa simu au ufike mwenyewe kabla ya kukodi gari la kupeleka mzigo.

Ya nne ni treni ya mjini, ambayo wengi bado tunaiita ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, tangu ilipoanza Oktoba 2012. Hiyo haihitaji maelezo marefu. Asubuhi na jioni inajaa watu waliosimama, kwa hiyo beba unachoweza kukipakata. Kapu la nyanya unaloliweka mlangoni utalikuta limekanyagwa.

Pima kabla hujalipa

Kikomo cha kilo kinategemea treni na daraja, na masharti yake unayapata pale unapokata tiketi, iwe dirishani au mtandaoni. Yasome siku hiyohiyo unayolipa. Usitegemee kiwango alichokwambia jirani aliyesafiri mwaka juzi, wala usichukue kiwango cha daraja la juu ukakipeleka daraja la kawaida. Na uulize mambo mawili pamoja: kilo ngapi, na ukubwa gani. Begi linaweza kuwa jepesi na bado likakataliwa kwa sababu haliingii kwenye mashine wala kwenye rafu.

Kama huna mizani nyumbani, Dar imekurahisishia. Wapo vijana wanaokaa na mizani za kupima uzito kandokando ya barabara na kwenye vituo vya daladala. Panda mara ya kwanza ukiwa mikono mitupu, kumbuka namba. Panda tena umebeba begi lako. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa begi. Kwa mzigo wa dukani, muuza mchele wa mtaani kwako atakupimia kwa mizani yake bila neno.

Na hizi hapa hesabu za kukusaidia hata kabla ya mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 la mafuta ya kula linakaribia kilo 18 na nusu, bila dumu lenyewe. Asali ni nzito kuliko watu wanavyodhani: dumu la lita tano ni kilo saba hivi, na wanaotoka Tabora au Singida na madumu mawili hushangaa mizani inaposoma kilo 14 kabla nguo haijawekwa. Begi gumu la magurudumu, likiwa tupu kabisa, linaweza kuwa na kilo tatu au nne. Ndiyo sababu mwenye kikomo kidogo cha kilo nampa ushauri wa begi laini la kitambaa. Lile begi la nailoni la mistari, shangazi kaja, halina uzito wowote wa maana, ila zipu zake ni dhaifu. Ukilitumia, lifunge kamba pande zote mbili kama unavyofunga kifurushi.

Bakiza nafasi ya kilo mbili au tatu chini ya kikomo. Kuna chakula utaongeza asubuhi, kuna kitenge mama mkwe atakupa mlangoni, na mizani ya kijana wa barabarani si lazima ilingane na ya stesheni.

Vitu vya kuacha nyumbani

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na si kwa ubaya, bali kwa mazoea ya basi. Mtungi wa gesi, hata ule mdogo wa kilo sita, hata ukiwa umeisha, usijaribu. Mtungi unaoitwa mtupu huwa umebaki na gesi ndani. Mwanafunzi anayehamia Dodoma auache Dar, akanunue au aazime kule. Petroli, mafuta ya taa, tindikali ya betri, rangi za mafuta na tina, baruti na fataki, vyote havifai ndani ya behewa lenye watu. Jiko la mafuta lililotumika nalo linanuka mafuta hata likimwagwa, usilipakie.

Panga, jembe, visu vikubwa vya jikoni na nyundo ni vifaa vya kazi, lakini mbele ya mkaguzi ni silaha. Vitume kwa njia nyingine. Mwenye silaha ya moto iliyosajiliwa asifike nayo foleni. Aende kwanza polisi wa stesheni na kibali chake, aelekezwe.

Wanyama hai. Kuku wa kienyeji hapandi SGR. Kwenye treni ya zamani kuku wamekuwa wakisafiri kwenye matenga, ila uliza ofisi ya mizigo kwanza na ulipie.

Vitu vyenye harufu vinahitaji busara zaidi ya sheria. Behewa la SGR limefungwa madirisha, hewa ni ya kiyoyozi, na samaki wa Feri waliofungwa kwenye gazeti watawatesa watu wengi kwa saa nne. Samaki mkavu aliyekaushwa vizuri na dagaa, ukivitia kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na kukizungushia selotepu, vinasafiri bila kumkera mtu. Samaki mbichi mpeleke kwa njia nyingine. Durian na fenesi lililoiva, vilevile.

Mkaa unahitaji kibali cha misitu, na vumbi lake haliruhusiwi kwenye behewa la abiria. Nyama ya pori bila kibali ni kesi, si suala la mzigo. Na kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Beba vitu vyako kwenye mfuko mbadala, kiroba au kikapu.

Kufunga mzigo

Gawa vitu vyako katika mafungu mawili: kile kinachokwenda juu ya rafu, na kile ambacho hakitoki mwilini mwako. Fungu la pili ni begi dogo la mgongoni au mkoba. Humo weka kitambulisho, tiketi, pesa, simu na chaja, dawa, miwani, funguo, vyeti na kompyuta. Dawa hasa. Mgonjwa wa kisukari asiweke insulini kwenye begi kubwa. Akae nayo mkononi, ndani ya chupa ya chai yenye barafu kidogo iliyofungwa na kitambaa, ili dawa isigusane na barafu moja kwa moja. Kama una sindano, beba na karatasi ya kliniki. Mkaguzi akiiona hatakuuliza mara mbili.

Mwenye mtoto mchanga ajipange hivi: nepi na nguo mbili za kubadilisha, uji au maziwa kwenye chupa inayobana, khanga ya kutandika na nyingine ya kujitanda wakati wa kunyonyesha. Vyote hivyo kwenye mfuko mmoja unaofunguka kwa juu, kwa sababu mkono mmoja utakuwa umemshika mtoto.

Kwa begi kubwa, weka vizito chini upande wa magurudumu, viatu pembeni, nguo juu. Vimiminika vyote vifungwe mara mbili. Mafuta ya alizeti ya kutoka Dodoma ndiyo yanayoongoza kwa kuharibu mizigo, na mara nyingi dumu lenyewe ni zima. Tatizo ni mfuniko. Fungua mfuniko, tandaza kipande cha nailoni safi juu ya mdomo wa dumu, rudisha mfuniko na uukaze. Kisha ulaze dumu chini kwa dakika kumi juu ya gazeti. Gazeti likibaki kavu, dumu liko tayari. Likilowa hata tone, badilisha dumu, usiongeze selotepu. Selotepu haizuii mafuta, inayaficha tu mpaka yafike kwenye nguo.

Mchele na unga usiviache kwenye sandarusi moja. Sandarusi ikigusa pembe ya chuma inatoboka, na mchele unamwagika kidogokidogo bila wewe kujua. Mfuko ndani ya mfuko, na mdomo wa kila mmoja ushonwe au ufungwe kwa kamba yake. Debe moja ligawe kwenye mifuko miwili. Utabeba mkono huu na ule, mgongo utakushukuru, na itaingia chini ya kiti ambako gunia haliingii.

Zabibu za Dodoma unaporudi nazo Dar ziweke kwenye boksi gumu lenye matundu, tabaka moja juu ya karatasi, jingine juu yake, basi. Tabaka la tatu linaponda la kwanza.

Andika jina lako na namba ya simu kwenye kila mzigo, nje na ndani. Nje kwa sababu mtu atakayeuokota akuone. Ndani kwa sababu karatasi ya nje huchanika. Andika pia unakoshuka. Kisha piga picha mizigo yote ikiwa pamoja sakafuni. Ukija kuulizwa begi lako lilikuwaje, "jeusi lenye magurudumu" halimsaidii mtu, maana nusu ya mabegi ya stesheni yako hivyo. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mpini. Kipande cha kitenge kinatosha.

Siku ya safari

Fika stesheni saa mbili kabla ya treni ya SGR kuondoka. Najua inaonekana nyingi. Lakini hesabu foleni ya lango la kwanza, ukaguzi wa mizigo, kukaguliwa tiketi, ngazi, na kutafuta behewa lako kwenye jukwaa refu ukiwa na mabegi. Halafu ongeza foleni ya magari ya Dar. Anayetoka Mbagala, Gongo la Mboto au Tegeta siku ya Ijumaa jioni anajua ninachosema.

Kwa usafiri wa kwenda stesheni, mwendokasi unafaa kwa mtu mwenye begi moja, na usiwe ule wakati watu wanakwenda kazini, kwa sababu utasukumwa na utasukuma. Bajaji inabeba mabegi mawili makubwa na abiria wawili vizuri. Bodaboda na begi la magurudumu mapajani mwa dereva ni hatari kwenu wote wawili, lipia bajaji. Ukiwa na mzigo zaidi ya huo, kodi kirikuu au teksi yenye buti, mpatane bei nyumbani.

Nje ya stesheni watu watajitokeza kukusaidia kubeba. Wengine ni wachukuzi wa kweli wanaotafuta riziki. Chagua mwenye sare au kitambulisho, mpatane bei kabla hajagusa begi, na tembea nyuma yake, si mbele. Begi lenye pesa na vyeti usimpe mtu yeyote.

Mkononi uwe na tiketi na kitambulisho kilichotumika kukatia tiketi. Majina yalingane. Simu iwe na chaji kama tiketi yako iko humo, au ichapishe karatasi. Kwenye mashine, weka begi kubwa kwanza, la mgongoni mwisho, ili ukifika upande wa pili begi la thamani lisiwe limekusubiri peke yake. Toa pawabenki na kompyuta kama ukiombwa.

Niliwahi kusimama nyuma ya bibi mmoja aliyekuwa na kikapu kilichoshonwa mdomo kwa uzi wa katani, mshono wa mkono, wa kupendeza kwelikweli. Mashine ikaonyesha kitu kirefu cha chuma ndani. Kijana wa ukaguzi akamwambia, "Shikamoo bibi. Samahani, naomba tufungue kidogo." Bibi akajibu, "Marahaba mjukuu wangu, ni mbuzi ya kukunia nazi." Na kweli ilikuwa mbuzi, yenye meno makali. Ule mshono wote ukakatwa kwa wembe, na hapakuwa na uzi wa kuushona tena; kikapu kikaingia kwenye treni kimefungwa kwa mtandio wake. Kwa hiyo usishone wala usigonge misumari kwenye mzigo utakaopita kwenye mashine. Funga kwa kamba inayofunguka, na kitu cha chuma kikae juu ambapo unaweza kukitoa na kukionyesha.

Jambo moja la jukwaani ambalo ni la uhai. Nyaya zilizo juu ya reli ya SGR zina umeme wa volti 25,000, na umeme wa kiwango hicho unaweza kuruka na kumfikia mtu bila waya kuguswa. Fimbo ya pazia, bomba, ngazi, mwavuli mrefu, hata mti wa bendera, usivisimamishe wala kuviweka begani vikielekea juu. Vibebe vimelala, chini ya kiuno, na uwaambie watoto wasirushe kitu chochote juu. Kama unaweza kuvituma vitu hivyo kwa lori, vitume.

Ndani ya behewa

Tafuta namba ya behewa kwanza, kisha ya kiti. Kukimbilia mlango wa karibu na kupita mabehewa matatu kwa ndani ukiburuta begi ndiko kunakoziba njia na kuchelewesha wenzako.

Rafu ya juu ni ya mabegi ya kati na laini. Usiweke huko dumu la kimiminika, hata ukiliamini, kwa sababu likimwagika linamwagikia mtu. Begi gumu zito likae sehemu ya mizigo ya behewa kama ipo nafasi, au chini, mradi lisizibe njia ya katikati wala mlango. Njia hiyo ndiyo ya kutokea kukitokea dharura, na pia ndiyo anayopitia mzee mwenye fimbo kwenda msalani.

Kama huwezi kuinua begi mpaka juu, omba. "Kaka, naomba unisaidie kupandisha" haijawahi kumshinda mtu kwenye treni za nchi hii. Na wewe kijana uliyekaa, ukimwona mama anahangaika, usisubiri kuombwa.

Kiti cha jirani si cha mkoba wako. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu watu wanaoanza safari Dar huenea, halafu wa Pugu au Morogoro akiingia na tiketi yake anaanza kuomba radhi kwa kudai kiti chake mwenyewe.

Kushuka

Treni haisubiri vituo vya katikati. Kama unashukia Soga, Ngerengere au Kilosa, ni dakika chache tu. Kituo kinapotangazwa, uwe umeshateremsha mzigo na uko karibu na mlango. Mkiwa wawili, mmoja ashuke kwanza, mwingine ampokeze mizigo kutoka ndani. Ukiwa peke yako na mtoto, mwambie mhudumu mapema, si treni ikiwa imesimama.

Wanaoshukia Morogoro wakumbuke kuwa stesheni ya SGR iko Kihonda, nje kidogo ya katikati ya mji. Mwenye begi la mgongoni anapata usafiri wa pamoja. Mwenye debe la mchele na ndoo mbili ampigie mwenyeji wake simu akiwa bado ndani ya treni, aje na bajaji anayoifahamu. Kabla hujaondoka jukwaani, hesabu mizigo ukilinganisha na ile picha uliyopiga nyumbani.

Treni za kulala njiani

Kwenye reli ya kati na TAZARA, mzigo unabadilika kuwa jirani wa siku mbili. Ulinzi ndio jambo kubwa. Vyumba vya daraja la kwanza vina vitanda vichache, vya daraja la pili hufika sita, na kwa TAZARA wanaume na wanawake hutengwa isipokuwa mkate chumba kizima. Familia yenye mizigo mingi nawashauri mkusanye nguvu mkate chumba kizima. Mnalala mlango umefungwa kwa ndani, na mzigo wote unauona.

Begi kubwa lisukume chini ya kitanda cha chini mpaka ukutani, ulifunge kwa mnyororo mwembamba na kufuli kwenye mguu wa kitanda. Mkoba wa thamani ulalie. Usiku, treni inapopunguza mwendo kuingia stesheni, funga dirisha, hata kama joto ni kali. Mkono wa mwizi unaingia dirishani, unachukua simu iliyokuwa inachajiwa na viatu vilivyovuliwa, na treni inaondoka. Ukienda msalani, mwachie mwenzako wa chumba neno. Ndivyo watu wa treni ndefu wanavyolindana.

Mizigo mikubwa kwenye treni hizi haiingii chumbani. Ipeleke ofisi ya mizigo ya stesheni mapema, ipimwe, ilipiwe, na upewe stakabadhi. Soma stakabadhi palepale: idadi ya vifurushi, uzito, jina la mpokeaji, stesheni ya kushukia. Kosa la herufi moja kwenye jina litakusumbua Kigoma, si Dar. Funga mzigo huo kwa kuchukulia kwamba vizito vya wenzako vitawekwa juu yake.

Acha nafasi kwenye begi kwa ya njiani. Saranda kuku wa kuchoma wanakuja dirishani, na huko mbele asali inakungoja. Andaa noti ndogondogo mfuko wa shati, usitoe pochi dirishani.

Anayevuka kwenda Zambia awe na pasipoti mkononi usiku kucha, kwa sababu ukaguzi wa mpaka hufanyika humohumo safarini, na risiti za vitu vipya ziwe pamoja nayo. Vitenge kumi vya aina moja bila risiti vitachukuliwa kuwa biashara, hata kama ni zawadi za harusi. Mbegu, miche na matunda mabichi vina masharti yake ya afya ya mimea mpakani; ni rahisi zaidi kutovibeba.

Kile kisichoingia kwenye treni

Godoro, friji, runinga kubwa, baiskeli, meza. Kwa safari ya SGR, vitangulize. Kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, kina kampuni nyingi zinazopokea vifurushi kwenda kila mkoa, na malori ya Dodoma hayakosekani Kariakoo. Tuma siku moja au mbili kabla ili vifike kabla yako, si baada. Godoro la sponji likunje, ulifunge kwa kamba na kulivika sandarusi mbili zilizopasuliwa. Lisipofunikwa litafika na vumbi la safari nzima. Runinga bapa ibaki kwenye boksi lake la asili na isafiri imesimama. Ikilazwa, mtetemo unapasua kioo.

Dai risiti yenye namba ya gari, thamani ya mzigo na simu ya ofisi ya kule unakokwenda. Mwanafunzi anayekwenda UDOM kwa mara ya kwanza, godoro na ndoo anavipata Dodoma mjini. Piga hesabu ya nauli ya mzigo kabla ya kuamua kuvihamisha.

Ukisahau au ukipotelewa

Ukigundua umeacha kitu ndani ya treni, usiondoke stesheni. Nenda moja kwa moja kwa mhudumu wa jukwaani au dawati la huduma ukiwa na tiketi, taja namba ya behewa na kiti, onyesha picha ya mzigo. Treni ina mawasiliano, na kitu kinaweza kuzuiwa kituo kinachofuata. Kama umeibiwa, toa taarifa kwa polisi wa reli waliopo stesheni na upate namba ya taarifa kwa maandishi. Kwa mzigo uliolipiwa ofisini, stakabadhi ndiyo dai lako. Peleka nakala, baki na yenyewe. Andika malalamiko kwa shirika la reli kwanza, ukitaja tarehe, treni, uzito na thamani. Usiporidhika na majibu, LATRA ndiyo mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na ina baraza lake la watumiaji linalopokea malalamiko ya abiria bila kuhitaji wakili.